Kukokotoa gama, erf na jamaa zao kwa maktaba sanifu ya Python peke yake

#1 Takwimu_Uyole (mleta uzi)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu kutoka Uyole, Mbeya.

Ninaandika programu za kuchambua takwimu za uotaji wa mbegu na za mvua, na programu hizo huishia kwenye kompyuta za maafisa ugani walioko wilayani, ambao wengi wao hununua bando kwa fedha zao wenyewe na hawawezi kupakua maktaba kubwa ya sayansi kila ninapobadilisha jambo. Kwa sababu hiyo nimejiwekea sharti kwamba kila hesabu ifanywe na Python jinsi inavyokuja, bila nyongeza yoyote. Sharti hilo limenilazimisha kuzisoma kwa makini fanksheni maalumu zilizomo katika moduli ya math, na naamini kuna jambo hapo ambalo wengi wetu tumelipita bila kulitazama.

Nianze na mbegu. Katika jaribio la kawaida la uotaji, mbegu 400 huoteshwa kwa mafungu manne ya mbegu 100, kisha zilizoota huhesabiwa. Tuseme mbegu za kundi hilo huota kwa asilimia 90. Je, kuna uwezekano gani wa kuhesabu mbegu 360 kamili? Kanuni inafahamika: faktoria ya 400 hugawanywa kwa faktoria ya 360 na kwa faktoria ya 40, kisha huzidishwa kwa 0.9 yenye kipeo cha 360 na kwa 0.1 yenye kipeo cha 40. Niliiandika vivyo hivyo kwa math.gamma, nikijua kwamba gama ya n + 1 ndiyo faktoria ya n, na programu ikasimama palepale ikatoa OverflowError.

Sababu yake ni kwamba namba za desimali za kompyuta zenye biti 64 zinaishia karibu na 1.8 × 10^308. Faktoria ya 170 ni takriban 7.26 × 10^306, kwa hiyo inaenea. Faktoria ya 171 imekwishavuka mpaka. Maana yake gamma(171) inakupa jibu na gamma(172) inakupa kosa, wakati mimi nilikuwa nimeomba gamma(401). Hata hivyo jibu ninalolitafuta ni dogo tu, karibu 0.066. Njia niliyoichagua ndiyo iliyopanda mlima mrefu usio na sababu, ilhali nyumba niendayo iko bondeni.

Dawa yake ni lgamma, ambayo inatoa logi asilia ya gama bila kuipitia gama yenyewe:

```
import math

def binomi(n, k, p):
    l = (math.lgamma(n + 1)
         - math.lgamma(k + 1)
         - math.lgamma(n - k + 1))
    l += k * math.log(p) + (n - k) * math.log1p(-p)
    return math.exp(l)
```

Hapa mbegu 400 au 4,000 hazimsumbui mtu. Angalieni pia kwamba sikuandika log(1 - p), bali log1p(-p). Kwa p ya 0.9 hakuna tofauti ya kuonekana, lakini p ikiwa ndogo mno, tuseme 10^-17, kompyuta inapotoa 1 - p inabaki na 1 kamili, na logi ya 1 ni sifuri. Taarifa yote iliyokuwamo katika p imepotea kabla logi haijaanza kazi. Fanksheni ya log1p inapokea ile p yenyewe ikiwa bado nzima.

Nina maswali mawili. Kwanza, je, lgamma ni ya kutegemewa kwa namba kubwa za aina yoyote? Pili, kwa ajili ya mvua nahitaji gama isiyokamilika, na katika moduli ya math haimo. Mnaifanyaje?

#2 Binti_Mafinga

Mkuu, nashukuru kwa uzi. Naomba kuelewa jambo moja: kwa nini usitumie math.comb? Inatoa namba kamili isiyo na kosa hata kidogo, na kwa mbegu 400 nimeijaribu sasa hivi, imekubali.

#3 Takwimu_Uyole

Dada, umesema kweli, na kwa mbegu 400 njia yako ni nzuri kuliko yangu. Fanksheni ya comb imo tangu toleo la 3.8, na namba kamili za Python hazina kikomo cha ukubwa. Tatizo linakuja pale unapoizidisha kwa desimali, kwa sababu wakati huo Python inalazimika kuigeuza ile namba kamili iwe desimali. Jaribu comb(1029, 514) ukaizidishe kwa 1.0, itapita; kisha jaribu comb(1030, 515), itakataa, kwa kuwa imevuka kile kikomo cha 10^308. Mimi nina mafaili yenye mbegu zaidi ya hizo, ndiyo maana nikakimbilia logi.

#4 Mwalimu_Gangilonga

Kamwene, ndugu zangu. Ninafundisha hesabu hapa Iringa, na nimefurahi kuona jambo hili likijadiliwa kwa Kiswahili.

Mleta uzi, jibu la swali lako la kwanza ni kwamba lgamma inategemewa, lakini lazima ujue unachokilipa unapoitumia. Chukua faktoria ya 1,000,000. Logi yake asilia ni takriban 12,815,518. Namba ya desimali ya biti 64 ina tarakimu 15 hadi 17 zenye maana, kwa hiyo ukiwa kwenye eneo la milioni 12, umbali kati ya namba moja na inayofuata ambayo kompyuta inaweza kuiandika ni kama 1.9 × 10^-9. Hata lgamma ikiwa imefanya kazi yake bila dosari, haiwezi kukupa jibu lililo makini kuliko umbali huo. Sasa unatoa lgamma moja kwenye nyingine, zile milioni zinafutana, inabaki namba ndogo iliyobeba kosa lilelile la 10^-9, na exp inaligeuza kosa hilo kuwa kosa la kiwango hichohicho katika jibu. Kwa hiyo kwa n ya milioni moja utapata tarakimu nane au tisa za kuaminika, si 15. Kwa takwimu za mbegu tarakimu nane ni nyingi kupita kiasi, wala sikutishi. Ila mtu akichapisha jibu hilo likiwa na tarakimu 15 atakuwa ameandika nusu yake bila kujua.

Mambo mawili madogo kabla sijaendelea. Gamma(5) ni 24, si 120, kwa kuwa alama ya Γ na ule mpangilio unaorudi nyuma hatua moja vilitoka kwa Legendre wa Ufaransa, ingawa wazo lenyewe ni la Euler, tangu mwaka 1729. Nimeona programu nyingi za wanafunzi zikikosea hapo. Pia lgamma inatoa logi ya gama baada ya kuondoa alama ya hasi, kwa hiyo kwa namba hasi kama -0.5, ambayo gama yake ni -3.54 hivi, alama utaitafuta mwenyewe.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naliona ndilo kiini cha uzi huu. Mtu akifungua moduli ya math anakuta erf, yaani fanksheni ya kosa inayotumika kupima eneo lililo chini ya mchoro wa kengele, na erfc, na maelezo yanamwambia kwamba erfc ni 1 kutoa erf. Mwanafunzi mwerevu huniuliza: kama ni kutoa tu, kwa nini wameandika fanksheni mbili? Huwa namwomba aandike haya na asome kinachotoka:

```
>>> 1 - math.erf(5)
1.5374368445009168e-12
>>> math.erfc(5)
1.5374597944280349e-12
>>> 1 - math.erf(6)
0.0
>>> math.erfc(6)
2.1519736712498913e-17
```

Kwenye 5, tarakimu tano za kwanza zinalingana, kisha kila moja inashika njia yake. Kwenye 6, utoaji umekupa sifuri tupu. Erf ya 6 iko karibu na 1 kiasi kwamba hakuna namba ya desimali ya kuitofautisha na 1, hivyo mkia wote umekatwa kabla hujaomba utoaji. Erfc haipitii kwenye 1 hata mara moja. Inauhesabu mkia wenyewe, na mkia huo ukiwa mdogo, tarakimu zake zinabaki zote.

Huenda mtu akauliza uwezekano wa 10^-17 unamfaa nani, maana hakuna mkulima atakayeuona maishani. Unamfaa anayechukua logi yake. Anayelinganisha mifano miwili ya takwimu hujumlisha logi za uwezekano wa kila kipimo, na kipimo kimoja tu kilicho mbali na wastani kikitoa 0.0, logi ya sifuri inatupa ValueError na kazi nzima inasimama.

Kwa hiyo ninachowaambia wanafunzi ni kujiuliza kwanza jibu linakaa wapi. Likikaa karibu na sifuri huku njia yako inapita karibu na 1, tafuta fanksheni iliyoandikwa kwa ajili ya mkia huo: erfc badala ya 1 - erf, expm1 badala ya exp - 1, log1p badala ya log(1 + x). Ndiyo sababu zimewekwa mbili mbili.

Gama isiyokamilika nitaiandika jioni, nina kipindi sasa.

#5 Fundi_Njombe

Naomba kuongezea kidogo kwa wanaotumia lugha nyingine, kwa kuwa suala hili halifanani kote. Java, katika darasa lake la Math, ina log1p na expm1, lakini haina gama wala erf. JavaScript ni vivyo hivyo. Hizo mbili ziliingia mwaka 2015 na mambo yakaishia hapo. Lugha ya C ilipata erf, erfc, lgamma na tgamma katika kiwango cha mwaka 1999. Go imejaliwa zaidi, kwa kuwa ina hizo zote pamoja na kinyume cha erf na fanksheni za Bessel, na Lgamma yake inakurudishia alama pamoja na jibu, jambo ambalo Mwalimu amelilalamikia kwenye Python. Fortran ya mwaka 2008 inazo pia. C++ ya mwaka 2017 ndiyo iliyokwenda mbali, ikaingiza beta, Legendre, Bessel, fanksheni za elipsi na hata zeta ya Riemann. Lakini gama isiyokamilika, hata huko hamuioni.

#6 Mwalimu_Gangilonga

Ahsante, Fundi. Tuijenge wenyewe, kwani vifaa vyote tunavyo.

Gama isiyokamilika, ile ya chini iliyokwishagawanywa kwa gama kamili, nitaiita P(a, x). Inaanzia 0 na kuelekea 1 kadiri x inavyokua. Kuna mfululizo wake ambao kila kipande ni chanya, kwa hiyo hakuna utoaji wowote wa kupoteza tarakimu:

```
def p_mfululizo(a, x):
    if x == 0:
        return 0.0
    kipande = jumla = 1.0
    n = 0
    while kipande > jumla * 1e-17:
        n += 1
        kipande *= x / (a + n)
        jumla += kipande
    return jumla * math.exp(
        a * math.log(x) - x - math.lgamma(a + 1))
```

Mfululizo huu unafaa pale x isipozidi a + 1. Ikizidi, vipande vinakua kwanza kabla ya kupungua, na baya zaidi ni kwamba P inasogelea 1, kwa hiyo mkia Q = 1 - P unatumbukia kwenye shimo lilelile la erf. Kwa upande huo tunauhesabu mkia wenyewe kwa sehemu endelevu, yaani sehemu ndani ya sehemu, tukianzia chini kabisa na kupanda:

```
def q_sehemu(a, x, hatua=200):
    f = 0.0
    for i in range(hatua, 0, -1):
        f = i * (i - a) / (x + 2*i + 1 - a - f)
    return math.exp(
        a * math.log(x) - x - math.lgamma(a)
    ) / (x + 1 - a - f)
```

Msiniamini kwa kuwa mimi ni mwalimu. Zijaribuni kwa kutumia maktaba yenyewe kama shahidi. Kwa a = 1, P inatakiwa iwe sawa na -expm1(-x). Kwa a = 0.5, P(0.5, x) ni erf ya kipeuo cha pili cha x, na Q(0.5, x) ni erfc yake. Hivyo Q(0.5, 36) inapaswa kuwa ile erfc(6) niliyoiandika asubuhi.

Kwa a iliyo namba kamili mnaweza hata kutumia karatasi na kalamu. Chukua a = 4 na x = 2: P ni 1 - e^-2 × (1 + 2 + 2 + 4/3), ambayo ni 0.142877.

#7 Binti_Mafinga

Mwalimu, shikamoo. Nimeifanya kwa karatasi na kwa programu, zote zimetoa 0.142877. Ila bado sijaelewa hiyo a inatoka wapi kwenye mvua. Mleta uzi atufafanulie.

#8 Takwimu_Uyole

Mwalimu, shikamoo na ahsante sana. Nimejaribu Q(0.5, 36), na jibu linalingana na erfc(6) hadi tarakimu ya 13. Hizo za mwisho nadhani zimepotea kwa sababu ileile uliyoieleza: ndani ya exp kuna namba karibu na -35, na kosa lake dogo linageuka kuwa kosa la jibu.

Dada, nikujibu. Mvua ya mwezi haitawanyiki kama kengele. Haiwezi kushuka chini ya sifuri, na miaka michache ya mvua kubwa inauvuta mkia upande wa juu. Mtawanyo wa gama unaifaa vizuri hali hiyo, na kipimo cha ukame kinachotumika sana duniani, kile alichokipendekeza McKee na wenzake kule Colorado mwaka 1993, kimejengwa juu yake. Mtawanyo huo una namba mbili: umbo, ambalo ndilo a, na kipimo, ambacho ukikizidisha kwa a unapata wastani. Tuchukue mfano wa kufundishia tu, umbo 4 na kipimo milimita 50, wastani ukiwa milimita 200 kwa mwezi. Uwezekano wa kupata chini ya milimita 100 ni P(4, 100/50), ndiyo ile 0.142877 uliyoipata, yaani kama mwaka mmoja katika kila saba. Uwezekano wa kuzidi milimita 500 ni Q(4, 10), ambao ni 0.0103, kama mara moja katika miaka mia.

Kuzipata hizo namba mbili kutokana na rekodi kulinitia wasiwasi, kwa kuwa njia kamili inahitaji digama, yaani kasi ya kubadilika kwa logi ya gama, na digama haimo katika math. Nimetumia makadirio ya Thom ya mwaka 1958: unachukua logi ya wastani, unatoa wastani wa logi, tofauti hiyo ni A, kisha umbo ni (1 + √(1 + 4A/3)) / 4A. Jumla zote nazifanya kwa math.fsum ili makosa madogo yasilundikane.

Hatua ya mwisho ilikuwa tayari bila mimi kujua. Katika moduli ya statistics, tangu toleo la 3.8, kuna NormalDist().inv_cdf, ambayo inageuza uwezekano kuwa kipimo cha ukame. Kwa 0.142877 inatoa karibu -1.07, na kati ya -1.0 na -1.49 ndipo penye ukame wa kadiri.

#9 Mwalimu_Gangilonga

Marahaba, wanangu. Kazi nzuri. Nina tahadhari moja inayotuhusu sisi wa nyanda za juu kusini hasa. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Novemba hadi Aprili au Mei, na katika Juni, Julai na Agosti rekodi nyingi ni 0.0. Logi ya sifuri haipo, kwa hiyo makadirio ya Thom yatakataa mwezi wa kwanza tu utakaoyapa.

Usiweke 0.001 mahali pa sifuri ili programu ipite. Nimeona watu wakifanya hivyo, na umbo linaharibika kabisa kwa sababu logi ya namba hiyo ni karibu -6.9 na inauvuta wastani wa logi chini. Hesabu sehemu ya miaka yenye sifuri, uiite q, upate umbo na kipimo kutokana na miaka yenye mvua peke yake, kisha uwezekano kamili uwe q + (1 - q) × P.

#10 Takwimu_Uyole

Nimeelewa, Mwalimu, na nakiri kwamba hiyo 0.001 ilikuwemo kwenye faili langu la Julai. Nimeiondoa usiku huu. Kwa kuwa q na P zote zinajumlishwa zikiwa chanya, hakuna tarakimu inayopotea hapo, ila inv_cdf haikubali 0 wala 1 kamili. Kwa hiyo mwezi ambao kila mwaka wa rekodi ni sifuri, q inakuwa 1, na hapo programu sasa inaandika "mwezi mkavu, kipimo hakihesabiki" badala ya kutoa namba. Faili kamili nitalibandika hapa kesho baada ya kulijaribu kwenye kompyuta ya afisa ugani mmoja aliye Rungwe, ambayo bado inatumia Python 3.8.

#11 Binti_Mafinga

Tunalisubiri, mkuu. Mimi nitalijaribu kwa rekodi za shamba letu la chai, ambazo baba yangu ameziandika kwa mkono kwenye daftari, siku kwa siku.